Scarlett 2i2 kwa studio ya chumbani Kigoma: je, matundu mawili yanatosha?

Kwa anayetaka kuanza kurekodi traki baada ya traki nyumbani, iwe Mwanga au Ujiji, Focusrite Scarlett 2i2 (toleo la tatu) ni saundi kadi nzuri (kifaa cha kuingiza sauti ya maiki na gitaa kwenye kompyuta), ila ina matundu mawili tu ya maiki. Gitaa na mwimbaji, sawa. Kwaya nzima kwa mkupuo, hapana: soprano, alto, tena na besi watapokezana, kila kundi na traki yake. Wanaohitaji maiki nne kwa pamoja waitazame ndugu yake mkubwa, Scarlett 18i8, ingawa hiyo inadai adapta yake ya umeme.

2i2 hula umeme wa USB wa laptopu, na hapo ndipo inapotufaa zaidi. Tanesco wakikata katikati ya kiitikio, betri inaendelea na traki haipotei. Hata umeme ukiwepo, chomoa chaja wakati wa kurekodi; muungurumo mwingi hutokea huko. Usiiunganishe kupitia kigawio cha USB (hub) kisicho na umeme wake, sauti itakwaruza.

Kwenye Windows, sakinisha kwanza draiva ya Focusrite, kisha ndani ya Reaper, programu ya kurekodi (siku 60 za majaribio bure), chagua ASIO (njia ya draiva ya kupitisha sauti bila kuchelewa sana), na ubora wa sauti wa 48 kHz, biti 24. Traki moja ya dakika nne hula takriban MB 35; nane, karibu MB 280. Kitufe cha 48V ni cha maiki za kondensa (zinazohitaji kupelekewa umeme ili zifanye kazi), nacho huwasha matundu yote mawili. Gitaa la umeme linataka kitufe cha INST. Pandisha geini (nguvu ya sauti inayoingia) hadi kilele kiguse -12 dB kwenye mita ya Reaper. Duara la taa linalozunguka kitufe cha geini likiwa jekundu, sauti imeshapasuka, na hakuna programu itakayoirudisha.

Lalamiko la kawaida: "Najisikia mara mbili!" Direct Monitor (kitufe cha kujisikia moja kwa moja kutoka kwenye saundi kadi) imewashwa, na Reaper nayo inarudisha sauti. Zima ya Reaper. Mwimbaji akijisikia sikio moja tu, Direct Monitor iko stereo, iweke mono. Ukisikiliza kupitia programu, bafa (akiba ya sauti; ikiwa ndogo, sauti haichelewi) iwe 128; wakati wa kuchanganya traki panda hadi 512, kompyuta ipumue.

Hedifoni ziwe za kuziba masikio, la sivyo mdundo wa kuhesabia utavuja hadi kwenye maiki. Kuta tupu za saruji nazo zinarudisha mwangwi: simamisha godoro nyuma ya mwimbaji, kwa kuwa maiki inatazama huko. Mvua ikianza kupiga mabati, rekodi gitaa la umeme lililochomekwa kwa waya, waimbaji wasubiri.