Kujaza stoo Kisumu: anza na munyu, chupa ziwe mwisho

Kama unataka stoo ya kizamani, chakula kinakaa bila friji, usianze na zile chupa mpya za glasi za supamaketi. Enda soko la Kibuye Jumapili asubuhi ukiwa na gunia na mikebe yako. Nimepanga kwa kuangalia kitu moja tu, ni gani inakaa sana na inasaidia mapishi mengi kwa pesa kidogo.

Namba moja ni munyu, ile ya Waluhya ya maganda ya maharagwe yaliyochomwa, jivu linawekwa kwa chombo chenye matundu na maji yanapitishwa polepole, yanayotoka chini ndio munyu. Kidogo tu kwa mrenda ama kunde na mboga inalainika. Chagua isiyo na jivu linaloelea. Magadi ya mawe inafanya kazi hiyo hiyo na ni rahisi kuweka, lakini zote mbili usizidishe, vitamini zinapotea na mboga inanukia sabuni.

Namba mbili omena, wale dagaa wa Ziwa Victoria, na hapa tafadhali usiwe na haraka. Uvuvi wake hufungwa kuanzia Aprili mpaka mwisho wa Julai, kwa hivyo nunua Machi kabla bei ipande. Taka zile zinang'aa kama fedha na ukikunja moja inavunjika, zikiwa za njano na zinanuka mafuta ya zamani ujue zilinyeshewa ama zimekaa. Finya kwa kiganja uachilie, mchanga ukibaki mkononi hizo zilianikwa chini wala si kwa wavu. Uliza pia kama ni za watu ama za kuku, mama mwenye anakujua atakwambia ukweli. Ukifika nyumbani zianike tena ndio ufunike. Obambla, samaki wa kupasuliwa na kuanikwa juani, ni tamu kushinda omena kwangu, lakini inashika unyevu mbio, nunua ya wiki chache.

Namba tatu samli ya ng'ombe. Weka kijiko kwa sufuria ya moto, ikilia sana na kutoa povu bado ina maji ndani na haitakaa, irudishe kwa moto mpaka inyamaze. Kijiko chako kiwe kikavu kila wakati.

Halafu nafaka. Wimbi na mtama nunua punje, sio unga, na wimbi ndio mvumilivu zaidi, wadudu hawaisumbui sana. Mahindi yanataka unyevu usizidi asilimia 13.5, na kwa kipimo cha kwanza huhitaji mashine: tia mahindi kwa chupa kavu ya glasi na chumvi kavu kidogo, tikisa, chumvi ikishika kwa glasi basi unyevu umepita kama asilimia 15, mwambie muuzaji abaki nayo; isiposhika, bado yaanike tena nyumbani. Njugu chukua gorogoro (ule mkebe wa kupimia sokoni) moja moja, na zilizokunjamana ama zenye ukungu tupa, sumu ya ukungu haiishi kwa kukaanga.

Chungu, kama pesa imebaki. Gonga kwa kidole, kikilia vizuri ni kizima, sauti ikiwa butu kina ufa.

Chupa sasa, za mwisho kabisa. Zile za jemu na asali ulizomaliza zinatosha, bora kifuniko kishike na ndani pakauke juani kabla utie kitu.