Burnham Beeches: msitu nyota tano, mtembezaji simtaki

Nilikuwa nimeamua kunyamaza, lakini juzi wamenitumia ujumbe ati nitoe maoni kuhusu matembezi yetu. Haya, maoni ndiyo haya.

Mamangu alikuja kututembelea kutoka Mombasa, akakuta majani ndiyo yanapukutika. Tunaishi Slough, Uingereza, na msitu wa Burnham Beeches uko hapo karibu tu, ila nikaona tukilipia matembezi ya kuongozwa atapata na maelezo. Kampuni siitaji. Wakisoma watajijua.

Msitu hauna neno. Miaka yote naupita kwa gari na kuudharau, kumbe! Majani ya ile miti iliyoupa msitu jina, beech, yanaanza na manjano ya bizari, kisha yanageuka shaba, na yaliyokwisha kuanguka yamefunika njia hata udongo huuoni. Mama alisimama chini ya mmoja mkongwe, shina limefura na kuoza ndani, shimo lake mtoto anaingia mzima, na juu bado umejaa majani. Akauwekea mkono. Filimbi ikalia.

Ndiyo, filimbi, kama ya refa. Kijana aliyekuwa akituongoza akaja mpaka tuliposimama, akanitazama mimi, akasema: "Mwambie atembee, hatuna siku nzima."

Mwambie! Na mama yuko hapo hapo, hatua moja kutoka kwake. Mwanamke aliyefundisha Kiingereza shule ya msingi hadi akastaafu, kwa kuwa kavaa buibui basi hasikii lugha. Nilitaka kumjibu, mama akanishika mkono. Akamwambia mwenyewe, pole pole, kwa Kiingereza chake cha darasani, kwamba amesikia, na kama ana dakika moja angependa kujua kwa nini miti yote hii imekatwa kimo kimoja.

Akawa mwekundu, lakini alieleza, na alieleza vizuri, siwezi kumdhulumu. Zamani watu walikuwa wakikata matawi juu ya kimo cha mtu ili ng'ombe wasiyafikie machipukizi, na kila baada ya miaka kadhaa wanarudi kuvuna kuni. Kule kukatwa ndiko kulikoipa miti umri, mingine imepita miaka 400. Hapo nikaanza kumfikiria nyota tatu.

Kisha akaniuliza, mimi tena, kama kwetu kuna miti inayobadilika rangi. Mama akaanza kumweleza habari za mkungu, jinsi majani yake yanavyoiva mekundu kabla ya kuanguka, bila baridi yoyote. Mimi mwenyewe nilikuwa nimesahau. Utotoni tulikuwa tukiyakanyaga uani tukiokota kungu. Hata hajamaliza, kijana ametazama saa na kuondoka zake. Nyota moja! Na Druids Oak, mwaloni unaokadiriwa kuwa na zaidi ya miaka 800, tuliupita mbio mbio kwa sababu kundi jingine lilikuwa likimsubiri. Sasa nililipia nini?

Nimedai pesa zangu. Wamejibu kwamba wanasikitika "ikiwa nilihisi" kuvunjiwa heshima. Ikiwa!

Kinachonikera zaidi ni kwamba mama anamtetea. Ati kijana wa watu alikuwa na haraka zake, na miti anaijua, na akipata nafasi atarudi naye. Naye, si nami!

Mimi nasema nendeni wenyewe. Mamlaka ya City of London iliununua msitu huu mwaka 1880 ili watu wautembelee, na wa miguu halipi kiingilio. Vaeni viatu vya kukanyaga tope, na simameni kila mti mtakaoupenda. Ingawa peke yetu tusingejua ile habari ya ng'ombe na machipukizi, hilo nalikubali. Basi, nyota mbili, kwa ajili ya mama. Na pesa zangu bado nazidai.