Tumelipia nasaba, tumeuziwa babu wa watu

Kama umeolewa na Mmarekani mweusi kama mimi na mnataka kulipia kampuni iwatafutie asili ya ukoo wake, soma kwanza yaliyotukuta.

Mama mkwe wangu ni mtu wa Virginia, huko mashambani kulikolimwa tumbaku. Umri umeenda, anataka kuwajua wazee wake. Tukachanga, sisi na mawifi zangu, tukalipia huduma ya bei kubwa, ile ya kupewa mtafiti wako mwenyewe. Kimya. Mwaka jana, nadhani karibu na Pasaka, likaja bonge la kitabu, jalada gumu, mbele kuna ngao ya ukoo wa Kiingereza. Ngao! Wametupandisha hadi miaka ya 1600, kwa wazungu walioshuka melini, kisa jina la ukoo limefanana.

Hilo ningelimeza. Kilichonipandisha mori ni ukurasa mmoja wa katikati. Wamechukua sensa ya 1870, ya kwanza kuwataja kwa majina watu wote waliotoka utumwani, wakaandika kwamba kijana wa miaka 19 ni "mtoto wa" mzee wa miaka 50 aliyeishi naye. Nikafungua picha ya daftari lenyewe. Jina lipo, umri upo, rangi ipo, kazi ipo. Safu ya uhusiano hakuna! Sensa ya Marekani ilianza kuuliza nani ni nani kwa mkuu wa kaya mwaka 1880. Sasa umwana huo wameutoa wapi?

Nikapiga simu. Kijana wa huduma kwa wateja akaniambia, "Mama, watu hawa hawana kumbukumbu, shukuru hata hiki umepata." Mama mkwe yuko pembeni, simu iko kwenye spika, kasikia kila neno.

Hawana kumbukumbu? Sensa za 1850 na 1860 ziliwaandika watumwa chini ya jina la bwana wao, kwa umri, jinsia na rangi, majina yao wakanyimwa. Aibu ni ya walioandika, lakini karatasi zipo. Wosia zipo. Orodha za mali za marehemu zipo, watu wametajwa kwa jina na bei, sambamba na ng'ombe. Na mwaka 1866, huko huko Virginia, serikali iliandikisha wanandoa waliokuwa watumwa: mume, mke, umri wao, walikozaliwa, bwana wa mwisho, watoto. Madaftari ya kaunti nyingi hayapo tena, ila la kwao lipo, na Maktaba ya Virginia imeweka picha zake mtandaoni bure. Bure kabisa! Wifi yangu mdogo kapekua kwa simu, kajilaza kitandani, akampata yule kijana, wakati huo ana miaka 15. Baba yake ni mtu mwingine kabisa.

Nisiwaonee, picha zao za sensa ni safi na kutafuta humo ni rahisi. Kuna siku nilitaka kuwapa nyota tatu. Na kama wazee wako walikuwa mabwana wenye mashamba, pengine utafurahi na ngao yako.

Halafu juzi natazama kadi, wamekata tena ada ya mwaka, na tulishajitoa, wakathibitisha kwa barua pepe.

Nyota moja. Pesa yetu irudi, ngao wabaki nayo.