Digrisa ya kuoshea injini: kabla hujatoa hela, beba kipande cha foili

Tapeti kava, yani kile kifuniko cha juu ya injini, ya RAV4 yangu ya zamani ilikuwa inavujisha oili tangu Krismasi, yani nikipaki tu nasikia harufu ya oili inaungulia kwenye ekzosi, nikasema mwezi huu lazima ifunguliwe. Fundi wangu wa mtaa wa Unga Limited akaitoa pamoja na throto bodi, ile inayopitisha hewa kuingia kwenye injini, vyote vimeganda oili iliyochanganyika na vumbi letu hili la Arusha, akaniambia mama nenda kavioshe kwanza maana nikirudishia na uchafu huu hata gasketi mpya haitakaa. Basi mi na ujuaji wangu nikaingia duka moja mjini, jina nalimeza, nikauziwa dumu la lita tano la kitu cha zambarau kwa elfu thelathini na tano. "Dada hii inakula grisi yote, we loweka ukalale."

Ikala kweli. Ikala na tapeti kava.

Niliviloweka kwenye beseni saa mbili usiku, baada ya dakika chache vikaanza kutoka vipovu vidogovidogo kama soda imefunguliwa sasaivi, mi nikafurahi, nikajua ndo kazi inafanyika. Asubuhi nakuta maji yamekuwa uji wa kijivu, kava imekuwa nyeusi kama sufuria ya makande ya msibani, na ukipitisha kidole pale ukingoni inapokaa gasketi unasikia vijishimo. Fundi aliishika, akaigeuzageuza, akanyamaza, halafu akasema, "Mama, hii hairudi." Nikanunua nyingine ya mtumba.

Kwaiyo humu sitaongelea harufu wala digrisa ipi inatoa povu zuri, kila mtu anaongelea hayo. Mi nauliza kitu kimoja: inakula alumini au haili? Maana silinda hedi, throto bodi, nyumba ya altaneta, vyote ni alumini kwenye hizi Toyota zetu. Kwenye injini ya 3S ya RAV4 yangu bloku angalau ni chuma, ila mwenye IST au Probox yenye injini ya 1NZ, we mpaka bloku ni alumini, jichunge.

Shida yenyewe ni kostiki soda, ileile wanayopikia sabuni ya mche. Alumini ina ngozi nyembamba sana inayoilinda isiliwe, kostiki inaiyeyusha ile ngozi halafu inaendelea na alumini yenyewe, na vile vipovu nilivyokuwa navichekea ni gesi ya haidrojeni, ambayo inawaka, na beseni lilikuwa jikoni karibu na jiko la gesi. Grisi inatoka kweli, siwezi kusema uongo, ndo maana wauzaji wanaisifia. Kwenye chuma cha kawaida haina neno. Ila nani kakwambia mimi naosha chuma?

Dukani fanya hivi. Soma nyuma ya kopo, ukiona "sodium hydroxide" au "potassium hydroxide" rudisha kwenye shelfu. Kama ni ya kupimiwa haina maandishi, mwombe akumiminie kidogo kwenye kifuniko cha chupa ya maji, tumbukiza kipande cha foili ya jikoni ukubwa wa kucha, piga stori dakika kumi. Ikianza kuchemka vipovu, aga uondoke. Mi natembea na foili kwenye mkoba siku hizi na kuna maduka wakiniona tu wananuna.

Namba moja kwangu ni ABRO, ile digrisa ya kopo la kupuliza, na sioni aibu kusema naipendelea. Foili yangu ilikaa humo nusu saa inang'aa vilevile. Unapuliza kitu kikiwa kimepoa kabisa, unaacha dakika kumi na kitu, unasugua na mswaki wa zamani kwenye kona za boliti, unasuuza na maji. Kwa tapeti kava na throto bodi kopo moja limenitosha na likabaki. Ubaya wake ni bei na kwamba haitaki kuwa karibu na moto, basi.

Namba mbili ni zile za maji zisizo na kostiki, ila hapa kuwa na akili. Simple Green kwa mfano, ile ya kawaida wenyewe wanasema usiiache juu ya alumini tupu zaidi ya dakika 10, na wakatengeneza nyingine kabisa ya ndege kwa sababu hiyohiyo. Sasa kama Mmarekani mwenye kiwanda anakupa dakika 10, huyu wa dukani anayekwambia ukalale usiku mzima kasoma wapi?

Namba tatu ni brekiklina, ile dawa ya kusafishia breki, kwa vitu vidogo tu, soketi, boliti, sehemu ya kupaka silikoni. Inakauka haraka haiachi mafuta. Ila kama ni ile yenye klorini na hicho kitu kinaenda kuchomelewa, mwambie fundi aache, moshi wake una fosijini, ni sumu ya kuua mtu. Na usiipulizie mpira wala rangi.

Mafuta ya taa na brashi, sawa, yanafanya kazi na hayagusi alumini, suuza na sabuni tu mwishoni. Petroli hapana. Na kuna dada aliniandikia eti anachemshia magadi, yaleyale ya Ziwa Natron ya kuivishia maharage, mwenzangu hiyo nayo inaishambulia alumini hasa ikiwa ya moto, angalia sufuria zako zinavyokuwa nyeusi.

Kinachoniuma zaidi ya kava ni hivi: nilirudi dukani na lile dumu, nikamuuliza kijana humu kuna nini, akasema "ni ya Dubai". Mimi nimekuuliza kuna nini we unanitajia mji! Dumu halina jina la aliyetengeneza, halina onyo hata la kuvaa glavu, na risiti aliyoninyima siku ya kwanza ndo hiyohiyo anayoidai ili anirudishie hela. Sheria ya kemikali za viwandani na majumbani ipo tangu 2003 na Mkemia Mkuu ana ofisi za kanda, ila barabarani zambarau inamiminwa kwenye chupa za maji kama juisi ya ukwaju. Halafu kopo lilelile la ABRO, mi nikiuliza bei ni nyingine, nikimtuma fundi inashuka elfu nne. Gari ni langu, hela ni yangu, ila bei inaangalia nani kavaa ovaroli.

Lita nne zilizobaki ziko juu ya kabati la stoo watoto wasifike. Sinki likiziba navaa glavu namimina kidogo kwenye bomba la plastiki, na kwa hiyo kazi, jamani, ni dawa nzuri sana.