Redibodi kwenye nyumba ya udongo: nilivyomwekea Mama stima Nambale

Kwa nyumba ya vyumba viwili isiyo na dari, redibodi, yaani kibao cha stima kilichokuja tayari, ni kitu kizuri, na mtu wa kijijini akiletewa na mradi wa stima wa serikali asiikatae akingoja siku atakayojenga ya mawe. Nyumba ya Mama ina kuta za udongo na paa la mabati. Fundi wa kwanza kuja kuitazama alitaka kupitisha nyaya kwenye mabomba ya plastiki, swichi kila chumba, na bei aliyotaja ingetosha kununua ndama. Redibodi haina mambo hayo. Ni kibao kimoja cha kupigwa ukutani. Cha Mama kina swichi kuu, kishikio cha balbu na soketi mbili. Waya unatoka kwenye nguzo, unapita kwenye mita, unaishia kwenye kibao. Jioni ile ile balbu ikawaka.

Ila ukuta wa udongo una mambo yake. Skrubu haishiki: inaingia vizuri, kesho yake udongo umemeguka na kibao kinaning'inia. Kwa Mama ilibidi tuchimbe hadi kwenye miti yenyewe ya ukuta, tukapigilia mbao ya mkaratusi kutoka mti mmoja hadi mwingine, ndipo kibao kikafungwa juu ya mbao. Tafuta hiyo mbao kabla mafundi hawajafika, kwa sababu wakifika wana haraka na nyumba nyingi za kumaliza. Na usikubali kiwekwe upande ambao mvua hupiga. Mtu aliyetufungia alitaka kukiweka karibu na mlango, pale maji ya bati yanaporukia ndani, eti waya utafika kwa urahisi. Mama alikataa katakata, akasimama pale hadi kikahamishiwa ukuta wa ndani.

Transfoma yenyewe ilikuwa jirani na kwa Mama muda mrefu. Aliipita kila akienda sokoni, na chupa ya mafuta ya taa mkononi. Kuunganishiwa kulikuwa shilingi 35,000. Mwaka 2015 serikali ilipoanzisha mradi wa Last Mile kwa nyumba zilizo ndani ya mita 600 kutoka kwenye transfoma, bei ikashuka hadi 15,000, tena ya kulipa polepole. Watafiti Kenneth Lee, Edward Miguel na Catherine Wolfram walilipima jambo hili huku huku kwetu, kwenye transfoma 150 za vijijini Busia na Siaya. Kwa bei ile ya zamani karibu hakuna aliyejitokeza. Kwa 15,000 walijitokeza kama robo. Ilipokuwa bure, karibu kila mtu alikubali. Basi nikisikia mtu akisema watu wa kijijini hawataki stima, huwa nakasirika. Waliitaka tangu zamani. Pesa ndiyo haikuwapo.

Utafiti huo huo, uliochapishwa 2020, ulikuta kwamba baada ya mwaka na zaidi waliounganishiwa hawakuwa wameinuka kimaisha kwa kiasi cha kuonekana. Hilo nalo naliamini, na sababu yangu ni vifaranga.

Mama hufuga kuku. Stima ilipoingia, jambo la kwanza alilofikiria ni kuwapasha vifaranga joto kwa balbu, aachane na makaa kwenye chungu. Balbu za siku hizi hazitoi joto la kutosha, kwa hiyo akatafuta ile ya zamani ya wati 100. Fanya hesabu: uniti moja ni wati 1,000 kwa muda wa saa moja, kwa hiyo wati 100 usiku na mchana ni uniti 2.4 kwa siku. Wiki mbili zikiisha, uniti 33 na zaidi zimekwenda. Tangu Aprili 2023 bei nafuu kabisa ya nyumbani ni ya asiyezidi uniti 30 kwa mwezi, na ukizidisha unahamia kundi la bei ya juu. Mama akarudi kwenye makaa. Hili linaniuma kuliko lolote katika habari nzima, maana kuku ndio pesa yake, na stima ilipaswa kufika hapo kwanza.

Kwa taa na simu hana wasiwasi. Balbu ya wati 9 ikiwaka kwa muda wa saa tano kila usiku haimalizi hata uniti moja na nusu kwa mwezi. Wajukuu wanasoma, koroboi imetupwa, na mambo ya kulipa shilingi 20 sokoni kuchaji simu yamekwisha.

Tokeni, yaani namba za stima ya kulipia kabla, namnunulia mimi nikiwa Kisumu, kwa M-Pesa, paybill 888880. Zinakuja namba 20, nampigia na kumsomea nne nne. "Polepole, mwanangu, nimebonyeza tano mara mbili," na tunaanza upya. Kile kidude cha kubonyezea kinatumia betri, zikichoka hakisomi chochote, kwa hiyo mwekee za akiba kabatini. Usishtuke ukiona pesa uliyotuma si yote iliyogeuka uniti: kuna kodi, kuna deni la kuunganishiwa kama hujamaliza, na kuna asilimia 5 ya bei ya stima yenyewe inayokwenda kusambaza stima vijijini. Hiyo ya mwisho naitoa kwa moyo mweupe.

Taa yake ndogo ya sola tuliibakiza. Mvua kubwa ikinyesha stima hupotea, na kuna wakati hukaa siku kadhaa kabla ya kurudi.

Upungufu wa redibodi ni balbu moja. Chumba cha kulala kinapata mwanga unaopita juu ya ukuta, jikoni hakuna kitu, na jikoni ni nyumba ya pembeni. Majirani kadhaa wamevuta waya mwembamba wa spika kutoka kwenye soketi hadi jikoni, wakaupitisha dirishani na juu ya uwanja wanapocheza watoto. Msifanye hivyo. Tulimlipa fundi mwenye leseni akavuta waya mnene, akauweka juu, akaongeza swichi jikoni. Mwambieni wenu aikague mita na ule waya wa kwenda ardhini siku hiyo hiyo.