Ubao mzuri, bolti za aibu: goli la kikapu nililotengenezewa Tanga

Nianze na bolti, maana ndizo zimenipandisha presha. Ringi inashikwa na bolti nne. Karakana iliyonitengenezea, hapa hapa mjini, imezipitisha kwenye plaiwudi peke yake, ikakaza nati kwa nyuma, basi. Fremu ya chuma ipo, tena imechomelewa vizuri, lakini bolti hata haziigusi! Fremu imebeba ubao, ubao umebeba ringi. Hivyo hutundikwa picha ya harusi, si goli.

Hesabu yake ni fupi. Ncha ya mbele ya ringi iko sentimita 60 kutoka usoni mwa ubao: 15 za shingo, 45 za duara. Kijana wa kilo 70 akining'inia pale, na bolti za juu zimeachana na za chini sentimita 10 tu, zile mbili za juu zinavutwa kwa zaidi ya kilo 400. Plaiwudi ya milimita 18 haipasuki siku hiyo. Kwanza inabonyea chini ya washa, kile kibati cha duara chini ya nati, nati inalegea, ringi inainamisha pua, na mwisho tundu la duara linakuwa yai. Langu limefika hapo nyavu ikiwa bado nyeupe.

Kulalamika, najibiwa: "Kwani kaka, hapa Marekani? Waambie wasining'inie." Wasining'inie! Vijana wa Ngamiani, hapa Tanga!

Kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, ziko wazi kwamba nguvu ya ringi isiingie kwenye ubao, iende kwenye chuma kinachoubeba. Na si kazi ya ajabu. Kata bamba la milimita 6, lichomelee kwenye fremu nyuma ya ringi, toboa matundu manne, bolti za milimita 12 zishike ringi, ubao na bamba kwa pamoja, na nati mbili mbili. Bolti ziwe za kuzuia kutu. Zangu ni nyeusi tupu, na kwa upepo huu wa bahari tayari zinalia machozi ya kahawia juu ya rangi nyeupe.

Ubao wenyewe, kusema haki, siulaumu. Ni marini, plaiwudi ya kuhimili maji, mita 1.80 kwa 1.05 kamili, na kingo zimepakwa rangi kabla ya kuingia kwenye fremu. Mafundi wengi huziruka kingo, na maji huingilia hapo hapo, tabaka zikaachana. Mstatili uliochorwa nyuma ya ringi, sentimita 59 kwa 45, umenyooka. Nguzo ukiiwekea pima maji haidanganyi, zege limeshuka futi 4. Nilikuwa tayari kutoa nyota nne.

Halafu nikapima kimo. Mita 2.97! Walipimia kwenye udongo, sakafu ya sentimita 8 ikamwagwa baadaye, na waliambiwa sakafu inakuja. Ringi ni 3.05 kutoka pale mchezaji anaposimama, si kutoka pale fundi alipokuta mchanga. Nyota moja. Haya, mbili, kwa ajili ya aliyepaka zile kingo.

Sasa wanasema watakuja kuchomelea bamba ubao ukiwa juu, wasisumbuke kuushusha. Cheche za kuchomelea, sentimita mbili kutoka kwenye mbao iliyopakwa rangi ya mafuta! Nimewaambia ushuke kwanza, na wakiurudisha watoboe matundu mapya kwenye mikono ya nguzo, ili ubao upande juu kwa zile sentimita 8.