Sabufa ya mtumba ya inchi 10, Mabatini, Mwanza: uzoefu wangu

Hii si ile seti ya boksi na spika zake mbili inayouzwa kila kona ya mji. Ni boksi la besi peke yake, lenye amplifaya yake ndani, mtumba niliouchukua duka moja karibu na Makoroboi kwa laki mbili na nusu baada ya kubembelezana sana bei. Nimeliunga kwenye amplifaya yangu ya sinema ya nyumbani na spika mbili ndogo za koni (ile sehemu ya mbele inayotikisika) ya inchi 5.

Watu wanasifia sabufa kwa mdundo. Mimi nimeipendea sauti za waimbaji. Uzi mnene wa gitaa la besi unashuka hadi hezi 41 hivi (yaani mitetemo 41 kwa sekunde), na koni ndogo haina uwezo wa kusukuma hewa ya kutosha huko chini. Ukiilazimisha inakwaruza, na mwimbaji anaharibikiwa pamoja nayo. Amplifaya nimeikatia hezi 80: chini ya hapo kazi ni ya boksi, juu ya hapo ni ya spika. Kwaya sasa naisikia kila sauti mahali pake, na ngoma kubwa ya bugobogobo, ngoma yetu ya Kisukuma, naipata kifuani bila kupandisha volyumu. Nilipojaribu kukatia 150, mtangazaji wa mpira akawa anaongea kama yumo ndani ya pipa. Nikarudisha haraka.

Mahali pa kuiweka ndipo penye kazi. Wimbi la hezi 40 lina urefu wa mita 8 na nusu hivi, kuliko sebule yangu yote, kwa hiyo linagonga ukuta na kurudi. Kuna sehemu mawimbi yanaongezana, kuna sehemu yanauana. Pembeni kabisa mwa chumba besi ilizidi ikavimba. Dawa yake: paki sabufa kwenye kochi unalokalia, piga wimbo wenye besi inayopanda na kushuka, kisha pita ukichuchumaa kandokando ya kuta. Pale besi inaposikika safi, ndipo pa kuiweka. Shemeji yangu alicheka mno kuniona, lakini mahali palipatikana.

Nyumba zetu za mlimani sakafu imekaa juu ya jiwe, haitetemeki. Kinacholia ni bodi ya dari na vioo vya madirisha. Na tofali halizuii besi, jirani anaipata yote, hivyo usiku naipunguza.

Kasoro: ilikuwa na mvumo nikiunganisha king'amuzi, ukaisha nilipochomeka vyote kwenye ekstensheni moja. Mgongo wake unapata joto hata ikiwa imetulia, kwa hiyo naizima ukutani.

Ukienda dukani, achana na stika ya maelfu ya wati za PMPO (nguvu ya kufumba na kufumbua tu), uliza RMS, nguvu inayotoka mfululizo. Mwenye chumba kimoja cha kupanga, ya inchi 8 itamtosha kabisa, na chenji inayobaki anunue nyaya nzuri.